Maswali ya Wasomaji: Mhandisi wa Madimba na jina la jaladani

SWALI: Mimi ni mwanamume, naandika riwaya ya kisayansi inayotokea Mtwara mwaka 2090. Mhusika mkuu ni mhandisi wa kike katika mtambo wa gesi wa Madimba. Dada zangu wamesoma sura tatu wakasema hawamwamini. Tatizo liko wapi? – Msomaji, Newala

JIBU: Anza kutafuta pale anapoingia mara ya kwanza. Pigia mstari sentensi zinazomtambulisha kila mhusika. Katika miswada mingi ya wanaume, mwanamume huingia akifanya kazi na mwanamke huingia akitazamwa: macho, shingo, sauti. Msomaji akishaanza kumtazama, kumfuata ndani ya mawazo yake huwa shida.

Kwa hiyo aingie akiwa kazini. Gesi ya Mnazi Bay, inayosafishwa Madimba, haiendi Dar es Salaam kama ilivyotoka kisimani. Hutolewa maji kwanza, kwa sababu unyevu hula chuma, na presha ikiwa kubwa na joto likishuka, maji na gesi huganda pamoja na kuziba bomba. Mpe hitilafu ya namna hiyo, na uamuzi wa kufunga vali au kuiacha uwe wake.

Kisha chukua kurasa 20 na kalamu mbili. Nyekundu iguse kila uamuzi wa mwanamke unaogeuza mkondo wa hadithi, bluu ule wa mwanamume. Usihesabu maneno. Kuna wahusika wa kike wanaozungumza sura nzima bila kuamua lolote. Ukikuta bluu tupu, usikimbilie kumfanya shujaa asiyeogopa wala kukosea, maana huyo naye hataaminika. Akosee hesabu ya presha, na kosa hilo limgharimu.

Jaribio la mwisho: kwa sura moja mpe jina la kiume. Vitenzi vya Kiswahili havibadiliki kwa jinsia, kwa hiyo sentensi itakayokukwaruza ndiyo uliyoiandika kwa mazoea. Si lazima uifute. Mwanamke anayetoka zamu ya usiku peke yake ana hesabu zake za njia, na hizo zibaki.

Jambo moja zaidi, nalo twalisisitiza: Wamakonde na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na mjomba ana neno zito. Ikiwa mwaka 2090 kila shamba la mikorosho katika riwaya yako linatoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, umeazima familia ya riwaya za kigeni. Jiulize mhandisi huyu amerithi nini, na kwa nani.

SWALI: Ninaandika hadithi za anga za mbali. Nitumie jina la kiume ili wahusika wangu wachukuliwe kwa uzito? – Msomaji wa kike, Lindi

JIBU: Jina linaweza kumficha mwandishi. Mwaka 1975 mwandishi Robert Silverberg alishikilia kwamba James Tiptree Jr., mwandishi mwenzake wa hadithi za kisayansi, hawezi kuwa mwanamke, kwa jinsi uandishi wake ulivyo wa kiume. Kufikia 1977 ilikuwa imejulikana kuwa Tiptree ni lakabu ya mwanamke, Alice Sheldon. Mary Shelley naye alitoa *Frankenstein* mwaka 1818 bila jina lake; wapo waliodhani ni kazi ya mumewe, ilhali kiini chake ni kiumbe aliyeletwa duniani bila mama, kisha akatelekezwa na aliyemuumba.

Lakini jinsia ya kike peke yake haikukingi na mazoea. Mwaka 1969 mwandishi Ursula K. Le Guin alibuni katika riwaya yake sayari ambayo watu wake si wanaume wala wanawake, ila akawaita kwa kiwakilishi cha kiume cha Kiingereza, *he*, na kuwaweka zaidi katika siasa na safari, nyumbani na malezi yakionekana kidogo. Alikosolewa, na baadaye alikubali kuwa wakosoaji walikuwa na hoja. Kwa hiyo kalamu mbili za jibu lililotangulia zinakuhusu na wewe.

Kuhusu jalada, ushauri wetu ni jina lako. Ukichagua lakabu, mkataba uandikwe kwa jina lako halisi, na lakabu itajwe humo humo, ili malipo na hakimiliki visije vikakosa mwenyewe.