Kiti Kilichoachwa Wazi

Swali: Jirani yetu kutoka Poland alitualika kula naye mkesha wa Krismasi, akaandaa sahani na kiti ambavyo havikutumiwa na mtu. Alikuwa akimngoja nani?

Jibu: Ndugu msomaji, nafasi hiyo ni ya mgeni asiyetarajiwa, kwani usiku wa Desemba 24, ambao Wapolandi huuita Wigilia, mtu hapaswi kuachwa ale peke yake. Familia hungoja nyota ya kwanza ionekane, kisha kila mmoja humega kipande cha opłatek, mkate mwembamba usio na chachu, kutoka mkononi mwa mwenzake huku wakitakiana heri, na hata waliokosana husameheana. Kwangu mimi, hilo ndilo tendo zuri kuliko yote. Chini ya kitambaa cha meza hutandazwa nyasi kavu kukumbuka hori la Bethlehemu. Vyakula, kwa desturi 12, havina nyama ila samaki.