Maswali ya Wasomaji: Klipu za Sauti na za Midi

Natumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Nilinakili mdundo wa ubeti wa kwanza nikauweka kwenye ubeti wa pili, kisha nikauongezea kiki (mapigo ya ngoma nzito) mbili. Niliporudi mwanzo nikakuta kiki zilezile zimeingia na huko. Je, programu imeharibika?
*Prodyuza anayeanza, Mbeya*

Programu ni nzima. Klipu unayoiona kwenye Playlist ni dirisha tu. Noti zenyewe zimekaa ndani ya pateni, na madirisha yako mawili yanatazama pateni ileile. Ukiongeza kiki, umeiongeza kwenye pateni, kwa hiyo kila dirisha litaionyesha.

Bofya alama ndogo iliyo kwenye kona ya juu kushoto ya klipu ya ubeti wa pili, chagua "Make unique". Hapo inazaliwa pateni mpya yenye noti zilezile, na ukiihariri ile ya zamani haitaguswa. Bonyeza F2 papo hapo uipe jina na rangi, maana baada ya wiki moja "Pattern 14" na "Pattern 15" hutazitofautisha. Kama ubeti wa pili una klipu nne, usiifanyie kazi hiyo kila moja, la sivyo utapata pateni nne za kusahihisha badala ya moja. Fanya moja iwe ya peke yake, futa zile tatu, kisha uipande hiyo mpya kwenye nafasi zao.

Klipu za sauti nazo zina mtego huohuo. Ukiingia kwenye mipangilio ya chaneli ya klipu ya sauti ukawasha "Reverse" ili neno moja lirudi kinyumenyume, nakala zote za klipu hiyo zitageuka. Tenganisha kwanza, geuza baadaye. Wanaohamia Ableton Live wanakutana na kinyume chake: huko kila nakala ya klipu ya midi (yenye maelekezo ya noti, si sauti) inajitegemea, kwa hiyo noti mbovu uliyoinakili mara nane utaisahihisha mara nane. Cubase inakuachia uchague. Ukiburuta huku umeshika Alt unapata nakala huru, na ukiongeza Shift unapata nakala iliyofungwa na mwenzake.

Nakata sauti ya mwimbaji kuondoa pumzi na kelele za chumba. Kila nilipokata panasikika "tik", na maneno mengine yanabadilika. "Ndoto" inasikika kama "doto". Natumia Reaper.
*Mhandisi wa sauti, Mombasa*

Haya ni makosa mawili tofauti.

"Tik" inatokea kwa sababu umekata wimbi likiwa juu au chini ya mstari wa sifuri. Spika inalazimika kuruka ghafla kutoka hapo hadi ukimya, na mruko huo ndio unaousikia. Weka feidi fupi (sauti kupanda au kufifia taratibu) kila mwanzo na kila mwisho wa klipu. Kwa sauti ya mtu, milisekunde 5 hadi 10 zinatosha. Pale klipu mbili zinapogusana, zipishanishe kidogo ili moja ififie nyingine ikiingia. Kwa besi mambo ni mengine. Noti ya hezi 50 inatumia milisekunde 20 kukamilisha mzunguko mmoja, kwa hiyo feidi ya milisekunde 3 bado itaacha "tik". Ipe 15 hadi 20.

Kosa la pili linatuhusu zaidi sisi wenye lugha hii. Katika "ndoto", "mbali" na "ngoma", mlio wa puani hutangulia mpasuko wa konsonanti, na kwenye mchoro wa wimbi unaonekana mdogo sana, karibu sawa na kelele ya chumba. Jicho linaona mpasuko mkubwa wa "d", mkono unakata hapo, na "n" inabaki kwenye takataka. Mtu aliyejifunza kukata kwa video za waimbaji wa Kiingereza hawezi kuonywa jambo hili. Kuza mchoro kwa wima, si kwa mlalo peke yake, mpaka uione ile sehemu ndogo, kisha kata milisekunde 50 hadi 100 kabla ya mpasuko. Silabi kama "m" ya "mtoto" ni ndefu zaidi, iachie nafasi kubwa. Kifaa cha geti, kinachonyamazisha sauti iliyo chini ya kizingiti fulani, kinafanya uharibifu uleule bila hata kukuuliza, kwa hiyo kama unakitumia, shusha kizingiti chake au kizime kabisa ukate kwa mkono.

Uliyokwisha kuyakata hayajapotea. Kukata hakufuti chochote kwenye faili. Shika ukingo wa klipu uuvute kushoto, na "n" itarudi. Ndiyo maana usiunganishe vipande kwa "Glue" kabla hujasikiliza wimbo mzima ukiwa na hedifoni, kwani ukishaunganisha unapata faili jipya ambalo halina tena kile kilichobaki nje ya kingo.

Napiga singeli kwa kibodi ya midi, BPM 220 (mapigo 220 kwa dakika). Nikikwantaizi kwa gridi ya 1/16, noti nyingine zinahamia mahali pasipo pake na mdundo unavurugika kuliko nilivyoupiga.
*Prodyuza wa Temeke, Dar es Salaam*

Fanya hesabu kidogo. Kwa BPM 220, pigo moja ni milisekunde 273 hivi, na 1/16 ni kama 68. Kwantaizi hupeleka kila noti kwenye mstari ulio karibu nayo, kwa hiyo noti iliyochelewa zaidi ya milisekunde 34 inahesabiwa kuwa ni ya mstari unaofuata. Mkono wa binadamu, hata uliozoea, unachelewa kiasi hicho mara kwa mara. Kwenye wimbo wa BPM 100 ungekuwa na nafasi ya milisekunde 75 kila upande, na usingeona tatizo hata siku moja.

Dawa yake ni kurekodi kwa nusu ya kasi. Weka projekti BPM 110, piga mdundo uleule polepole, kwantaizi hapo, kisha rudisha 220. Noti za midi hazina sauti ndani yake, zina nafasi tu, kwa hiyo zitafuata kasi bila kubadilika mlio. Fanya hivyo kabla hujaingiza sauti za waimbaji na lupu za sauti, kwa sababu hizo hazitafuata kwa usafi uleule.

Angalia pia bafa ya kadi ya sauti, yaani idadi ya sampuli inazokusanya kabla ya kuzitoa. Kwa kilohezi 44.1, bafa ya sampuli 512 peke yake inakuchelewesha karibu milisekunde 12. Unajisikia umechelewa, unawahi, na noti zako zinaingia mapema. Shusha hadi 128, yaani milisekunde 3 hivi, wakati wa kurekodi. Ukifika kwenye kuchanganya, ipandishe tena ili kompyuta ipumue.

Usikwantaizi kwa asilimia 100 kila kitu. Kiki, sawa. Haihati na vile vimlio vidogo vya juu viachie 70 hadi 80. Kwenye Live mipangilio hiyo inafunguka kwa Ctrl+Shift+U, na kwenye Piano roll ya FL Studio ni Alt+Q. Kisha pitia nguvu za mguso. Ikiwa kila noti ina 127, kiwango cha juu kabisa, mdundo utachosha masikio kabla ya dakika ya pili, hasa kwa kasi hii. Pigo kuu liwe 100 hadi 110, ya kujazia 60 hadi 80.

Jambo moja zaidi ambalo hujauliza, ila litakukuta. Baada ya kwantaizi, mwanzo wa noti unahama lakini mwisho wake unaweza kubaki ulipokuwa. Noti mbili za ufunguo mmoja zikipishana, amri ya kuzima ya ile ya kwanza inaikata ya pili katikati. Ukisikia kiki inayopotea hapa na pale, chagua noti zote uzifupishe.

Ableton Live inacheza kitu tofauti na nilichokipanga kwenye Arrangement.
*Msomaji, Kampala*

Ulifyatua klipu kwenye Session, ukurasa wa kuchezea klipu moja moja, na klipu ya Session ikishafyatuliwa inaipokonya traki hiyo mamlaka. Juu ya Arrangement kuna kitufe kilichowaka rangi ya chungwa, "Back to Arrangement". Kibofye.

Mwimbaji wangu yuko Doha. Namtumia biti kwa WhatsApp, ananirudishia sauti. Nikiziweka kwenye projekti hazikai: mara zinachelewa tangu mwanzo, mara zinaanza vizuri na kufika mwisho zimeachana kabisa na biti.
*Prodyuza, Nakuru*

Usisogeze kitu kabla hujajua ni ugonjwa gani. Sikiliza mwanzo na mwisho wa wimbo.

Kama ucheleweshaji ni uleule mwanzo hadi mwisho na ni mdogo, mshukiwa wa kwanza ni MP3. Usimbaji wa MP3 huongeza ukimya mwanzoni mwa faili. Kwa kisimbaji cha LAME, ukijumlisha na kinachoongezwa wakati wa kufungua, ni sampuli 1105, sawa na milisekunde 25 kwa kilohezi 44.1. Programu nyingine huuondoa, nyingine huuacha. Yeye aliimba juu ya biti iliyochelewa, nawe unaiweka sauti yake juu ya biti isiyochelewa. Chukua MP3 ileile uliyomtumia, iweke kwenye traki chini ya biti ya asili, kuza mpaka uone kiki ya kwanza ya kila moja, pima tofauti, kisha vuta sauti zote za mwimbaji kushoto kwa kiasi hichohicho. Zichague zote kwa pamoja. Ukizivuta moja moja utaharibu uhusiano wa sauti kuu na za kuitikia.

Kama ucheleweshaji ni uleule lakini mkubwa, milisekunde 100 na zaidi, muulize kama alivaa hedifoni za Bluetooth. Karibu kila mara jibu ni ndiyo. Avae za waya.

Kama wimbo unaanza vizuri na kuachana polepole, kasi hazilingani. Biti ya BPM 97.5 ikisomwa na programu yake kama 98 na kuvutwa ifuate, ndani ya dakika tatu mtaachana kwa karibu sekunde 0.9. Kwenye Live zima Warp (inayonyoosha sauti ifuate kasi ya projekti) kwa biti na kwa sauti ndefu, na kwenye mipangilio zima "Auto-Warp Long Samples".

Na kama sauti imekuwa nzito, imeshuka semitoni moja na nusu hivi na imerefuka, basi faili la kilohezi 48 linachezwa kana kwamba ni la 44.1. Hapo usivute wala usinyooshe kitu, badilisha faili kwa njia sahihi tu.

Kuanzia sasa tuma WAV, uiambatishe kama "Document" ili ifike ilivyo, na uandike BPM kwenye jina la faili. Naye akurudishie kila traki ikianzia sekunde ya sifuri, ukimya ukiwa ndani yake, kwa ubora wa biti 24 (bit, kipimo cha kidijitali, si biti ya wimbo). Sauti ya kuitikia inayoingia dakika ya pili nayo ianze sifuri. Faili litakuwa kubwa, ndiyo, lakini utaliburuta hadi mwanzo wa projekti na litakaa lenyewe.

Nilihamisha projekti kwa flashi kwenda studio nyingine. Ilifunguka, lakini klipu nyingi zilikuwa tupu.
*Msomaji, Bujumbura*

Ulibeba faili la projekti, na hilo linabeba anwani za sauti tu. Kwenye Live tumia "Collect All and Save", kisha nakili folda nzima. Kwenye FL Studio ni "Export", halafu "Zipped loop package". Kwenye Reaper, unapohifadhi kwa jina jipya, weka tiki kwenye kisanduku cha kunakili sauti zote ndani ya folda ya projekti. Plagini (ala na vifaa vya ziada vya programu) hazibebwi kwa njia yoyote kati ya hizi, kwa hiyo traki zenye plagini ambazo studio ile haina, zigeuze kuwa sauti kabla hujaondoka, na ile ya midi iache imezimwa pembeni.

Hesabu nafasi mapema: traki moja ya mono, biti 24, kilohezi 48, inakula MB 8.6 kwa dakika. Traki 24 za dakika nne ni kama MB 830, kabla ya teki zilizokataliwa. Na kama flashi yako ina mfumo wa FAT32, faili moja linalozidi GB 4 halitaingia hata flashi ikiwa tupu. Ipangilie upya kwa exFAT.

Nataka kuandika taarabu ya maqam (mfumo wa noti wa Kiarabu) Bayati kwa midi. E ya kinanda iko juu mno, E bemoli iko chini mno.
*Mpiga kinanda, Unguja*

Unahitaji E iliyoshushwa robo toni, nayo inapatikana kwa ujumbe wa kupinda noti. Ala nyingi zimewekwa zipinde semitoni 2 kila upande, na kipimo cha chini kinafika -8192. Robo toni ni nusu ya semitoni, yaani sehemu ya nne ya safari hiyo: andika -2048. Kama ala yako imewekwa semitoni 12, thamani inakuwa -341 hivi.

Weka amri hiyo kidogo kabla ya noti kuanza, si sambamba nayo, la sivyo utasikia ikiteleza. Kuirudisha sifuri kuna mtego zaidi. Ukiirudisha wakati mkia wa noti bado unalia, mkia utapanda na kusikika kama kinanda kibovu. Fupisha mkia wa ala au chelewesha kurudi. Tena, ujumbe huu unapinda chaneli nzima, kwa hiyo D na G zikilia pamoja na E nazo zitashuka. Weka E kwenye klipu yake, traki yake, na nakala ya pili ya ala hiyohiyo.

Ukiwa na Live 12, pakia mfumo wa kutuni uliotayarishwa, na ala za Live zenyewe zitaufuata bila hesabu hizi. Kwenye FL Studio kila noti ina kipimo chake cha kushusha mlio chini ya Piano roll, lakini kinafanya kazi kwa ala za FL, nyingi za nje hukipuuza. Mitetemo ya qanuni usiikwantaizi hata kidogo.