Besi ikidunda taa za IST zinafifia

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari, Toyota IST, nimejichanga karibu mwaka mzima nikafunga sabufa (spika za besi) mbili za inchi 12 na ampi (amplifaya, ya kukuza sauti) ya wati 1000. Sauti ikiwa chini mambo safi, ila nikipandisha tu kila besi ikidunda taa za mbele zinafifia, afu baada ya dakika chache ampi inajizima yenyewe. Aliyenifungia anasema ninunue betri kubwa, washkaji wanasema ampi ndogo. Nifanyeje? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kwanza funga pochi, usinunue kitu. Ampi yako ina njaa ya umeme basi.

Hebu tupige hesabu. Ampi ya klasi D, aina isiyopoteza umeme mwingi, ili itoe wati 1000 za kweli inavuta kama wati 1250, gawanya kwa volti 13.8 unapata ampea 90 hivi, na altaneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka, ya gari dogo mara nyingi inacheza kwenye 80, hapo bado taa, feni na AC. Ila mziki hauvuti hivyo muda wote, besi inapiga inaachia, kwa hiyo gari linaweza kabisa kuhimili kama njia ya umeme ni nzima. Ndo hapo wengi tunapoumia, kwenye waya.

Mwezi uliopita kijana mmoja kaniletea gari, ugonjwa huohuo, waya mnene kama kidole, nikasema huu mbona uko vizuri, nikaukata, ndani mweupe! Alumini imepakwa shaba juu, na nusu ya unene ni plastiki tupu. Afu ethi, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, wameikaza kwenye buti juu ya rangi, yani umeme unarudi kwa kubahatisha. Tukaweka waya wa shaba tupu, nikachubua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, nikakaza upya. Kwenye ampi tulikuwa tunasoma volti 11.2 besi ikipiga, baada ya hapo 13.1, betri ileile, ampi ileile. Dogo aliwasha mziki tukasimama pale hatuongei, kioo cha nyuma kinatetemeka, raha yake siwezi kuielezea.

Na fyuzi iwe karibu na betri, sentimita 45 isizidi, waya ukichunika njiani bila fyuzi gari linawaka moto, hilo sikubembelezi.

Betri kubwa haizalishi umeme, inatunza tu, na inachajiwa na altaneta ileile. Ampi kubwa ndo usithubutu, ukitoka wati 1000 kwenda 2000 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, sikio linazisikia kidogo sana, huku njaa imekuwa mara mbili.

Kama waya uko sawa na bado inajizima, muulize fundi kaunga om ngapi, yani ukinzani wa umeme ambao ampi inauona kwenye sabufa. Sabufa zako zikiwa na koili mbilimbili za om 4 na zote kaziunga sambamba inabaki om 1, na kuna ampi haziwezi chini ya 2, zinajilinda kwa kuzima.

Masikio pia, kijana wangu. Desibeli 100 ni dakika 15 tu kwa siku, na mfumo wako unapita hapo bila shida. Nataka uufaidi mziki huu hata ukifika umri wangu.

Pima volti kwenye ampi yenyewe besi ikiwa inapiga, gari limewashwa, afu niandikie namba uliyoikuta.