Joto la bomba la moshi chini ya boneti: anza na matundu matupu

Gari langu la kwanza la zamani lilikuwa na tabia ya kunisusia. Asubuhi liliwaka papo hapo. Nikiliendesha saa nzima, nikalizima kwa dakika kumi, nikirudi stata inalia "ta!" kisha kimya. Nikisubiri nusu saa, linawaka kana kwamba hakijatokea kitu. Nilinunua stata nyingine, ikagoma vilevile. Nikanunua betri. Mwishowe nikalala chini ya gari na tochi, nikaona bomba la moshi limepita vidole vitatu tu kutoka kwenye stata, na kando yake matundu mawili ya bolti yasiyo na kitu. Pale palikuwa na bati la kukinga joto. Aliyefungua kabla yangu aliona linamsumbua mkono, akaliacha nje.

Kwa hiyo wewe unayeanza sasa, kabla ya kununua chochote, tafuta matundu matupu. Waliolitengeneza gari walishapambana na joto hili, na majibu yao mengi yalikuwa vitu vidogo: bati jembamba, kibanio cha kushika bomba la petroli mbali na manifoldi (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda), kipande kinene cha kuzuia joto kati ya kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na injini, mpira wa kuziba pembeni mwa rejeta. Vitu hivi havifanyi gari litembee, ndiyo maana hupotea kila linapofunguliwa. Tafuta picha za gari kama lako lilivyotoka kiwandani, ulinganishe.

Joto husumbua zaidi gari likiwa limezimwa, na jambo hili huwachanganya wageni wengi. Injini ikifanya kazi, feni inavuta hewa, maji yanazunguka, na petroli baridi inapita kwenye kabureta bila kukoma. Ukizima, vyote husimama kwa pamoja, lakini manifoldi ya chuma bado ina joto la mamia ya nyuzi na haina pa kulipeleka ila kwa majirani zake. Robo saa ya kwanza baada ya kuzima ndiyo mbaya. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka hata kabla ya nyuzi 40 za Selsiasi, na bakuli la kabureta hupita kiwango hicho bila shida. Petroli ikichemka hupanda na kumwagika kooni mwa kabureta, kisha ukija kuwasha injini imezama mafuta. Dawa ya papo hapo ni kukanyaga pedali ya mafuta hadi chini na kuishikilia hapo huku ukipiga stata. Usiipampu, maana kila ukipampu unaongeza petroli mahali palipojaa.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo. Petroli inaweza kugeuka mvuke kabla haijafika kwenye kabureta, ndani ya pampu au bombani, na pampu iliyotengenezwa kusukuma kimiminika ikabaki inasukuma mapovu. Hapo injini ina njaa, haijashiba kupita kiasi. Ili kutofautisha, fungua kichujio cha hewa mara tu injini inapogoma (sigara na cheche zikae mbali kabisa), uchungulie kooni mwa kabureta. Pakiwa pamelowa na panadondoka, ni bakuli lililochemka. Pakiwa pakavu, na hata ukivuta waya wa pedali ya mafuta hakuna kinachochuruzika, fuatilia bomba kurudi nyuma hadi kwenye pampu. Wapo wanaobana vibanio vya mbao vya kuanikia nguo kwenye bomba la petroli wakiamini vinapoza. Nilijaribu. Nguo zangu zilikosa vibanio, gari likaendelea kugoma.

Kwa stata, hesabu ni nyepesi. Ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Stata iliyopata joto la nyuzi 100 zaidi ya asubuhi ina ukinzani uliopanda kwa karibu asilimia 40, na umeme unaoifikia unapungua. Ongeza vichwa vya nyaya vyenye kutu na waya wa ardhi uliochoka, basi stata nzima inaonekana imekufa. Safisha vichwa kwanza. Ningefanya hivyo, ningebaki na pesa ya stata ile.

Sasa chanzo. Wageni wengi hukimbilia kukinga joto ambalo halikupaswa kuwapo. Taiming, yaani wakati wa cheche kupigwa, ikichelewa, petroli inamalizia kuungua ikiwa tayari inatoka kwenye silinda, na joto ambalo lingegeuka kuwa nguvu linaishia kwenye manifoldi. Kile kikombe cha distributa (kigawa cheche kwa plagi) kinachowahisha cheche kwa mvuto wa hewa huwa na ngozi ya mpira ndani, nayo hupasuka bila kutoa sauti. Nyonya hewa kwenye kijibomba chake kwa mdomo: kikishika ulimi, kizima. Kikipitisha hewa tu, umepata mshukiwa. Mchanganyiko wenye petroli kidogo mno nao huharibu kwa namna yake. Na kama gari lako lina ule mlango mdogo ndani ya manifoldi, unaoelekeza moshi wa moto chini ya kabureta wakati wa baridi, hakikisha haujagandia katika hali ya kufungwa. Nimekutana na mmoja uliokuwa umeganda kwa kutu, ukipika kabureta mwaka mzima.

Gasketi ya manifoldi inayovuja ni hatari zaidi, kwa kuwa hutema moshi wa moto moja kwa moja juu ya nyaya. Gesi zinazotoka kwenye silinda za petroli zinaweza kuzidi nyuzi 800 injini ikibeba mzigo. Sikiliza asubuhi injini ikiwa baridi: tik-tik-tik inayopotea ikipata moto, pamoja na alama nyeusi za masizi kwenye kiungo. Ikishapotea usijidanganye kwamba imepona. Chuma kimetanuka tu na kuziba ufa.

Ukisharekebisha hayo, ndipo uzungumzie kinga. Siri ya bati la kukinga ni hewa iliyo nyuma yake. Joto linalorushwa na chuma huongezeka upesi kuliko tunavyodhani: chuma kikipanda kutoka nyuzi 300 hadi 500, kinachorushwa huongezeka zaidi ya mara tatu. Bati linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo, ila likigusana na kile unachokilinda linageuka kikaango. Acha sentimita moja au mbili kila upande, na sehemu za kulishikia ziwe chache na nyembamba. Nilichonga la kwangu kwa alumini ya kawaida, nikalifunga kwenye matundu yale yale mawili. Stata ya zamani, niliyokuwa nimeitupa chini ya meza, ilirudi kazini.

Kufunga bomba kwa utepe wa nyuzi za kioo kunapendwa kwa sababu kunaonekana kama kazi ya magari ya mashindano. Kunapunguza joto chini ya boneti, sikatai. Lakini joto lililozuiwa kutoka linabaki ndani ya chuma. Manifoldi ya chuma cha kalibu, hasa yenye umri, inaweza kupasuka, na bomba la chuma cha kawaida huliwa na kutu kwa unyevu unaonaswa chini ya utepe. Kubwa kuliko yote, utepe hunyonya oili. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo: kifuniko cha valvu kinachovuja juu ya bomba lililofungwa nguo, hapo umekamilisha matayarisho. Kama gari linavuja oili, usiguse utepe. Mabomba yakiwa nje ya gari, kupakwa rangi ya kauri ni njia safi zaidi.

Halafu hewa ya moto ipate pa kutokea. Wengi huinua nyuma ya boneti kwa washa nene (pete za chuma za bolti) wakidhani joto litapanda na kutoka. Gari likiwa limesimama hutoka kweli. Likiwa kasi, hewa inayogonga kioo cha mbele hujazana pale pale na kusukumwa ndani ya injini, na karibu na hapo ndipo hewa ya abiria huingilia. Una gasketi inayovuja? Umejiletea moshi wenye sumu ndani ya gari. Afadhali urudishe mipira ya kuziba pembeni mwa rejeta ili hewa yote ya feni ipite ndani yake.

Ukipima kwa kipimajoto cha mwanga, jihadhari na vyuma vinavyong'aa: husomeka vya baridi kuliko vilivyo. Weka doa la rangi nyeusi isiyong'aa inayostahimili joto, upime hapo. Hilo pia lilinichelewesha wiki.

Mpira wa petroli uliokakamaa au wenye nyufa, badilisha leo. Kopo la mafuta ya breki likiwa karibu na manifoldi, yabadilishe mara kwa mara, maana mafuta ya daraja la DOT 3 yenye kiwango cha kuchemka cha nyuzi 205 yakiwa mapya yanaweza kushuka hadi 140 yakishanyonya unyevu. Na gasketi au vitambaa vya zamani vya kuzuia joto vinaweza kuwa na asibesto. Usivikwangue vikiwa vikavu wala kuvipuliza kwa hewa. Vilowanishe, vaa barakoa inayofaa kwa kazi hiyo, uvifunge kwenye mfuko usiopitisha vumbi.

Ukimaliza, endesha, zima, subiri robo saa, washa tena. Moshi kidogo na harufu safari ya kwanza ni kawaida kwa utepe au rangi mpya. Kesho yake, injini ikiwa baridi kabisa, rudi na spana kwenye nati za manifoldi. Zangu nne zilikuwa zimelegea.