Rafiki wa mzazi: filamu imetia chumvi, lakini si uongo

Mleta mada, umesema mmeangalia na mkeo filamu ya televisheni ya Marekani: mama kajifungua, kapata rafiki wa kike wa kumsaidia kulea, kumbe rafiki anamnyemelea mtoto. Tangu siku hiyo mkeo hataki jirani anayekuja kila asubuhi aachwe peke yake na mtoto, na wewe unaona luninga imemharibu akili. Umeuliza kama mambo hayo yapo huku kwetu. Yapo. Mimi niko Mwanza, na yalinikuta kwenye uzazi wangu wa kwanza, nilipokuwa napanga Nyegezi.

Filamu zile zinazotengenezwa kwa ajili ya televisheni, kama za kituo cha Lifetime kilichoanza 1984, hukatwakatwa na matangazo, kwa hiyo kila kipande lazima kiishie pabaya ili usihame chaneli. Ndiyo maana mbaya wao unamjua mapema: anakodoa macho, anaficha kisu. Wangu mimi alikuja na chupa ya uji.

Tulifahamiana kliniki, kwenye benchi la kusubiri kupima uzito. Mume wangu alikuwa mgodini Geita, anarudi mwisho wa mwezi. Mama alikuja kunilea, akalazimika kurudi Ukerewe kwa sababu baba alikuwa anaumwa. Hapo ndipo yule dada alipoingia. Uji wa ulezi wenye pilipili manga, nepi zimefuliwa na kuanikwa, mtoto ameogeshwa na kupakwa mafuta. Mzazi aliyekesha hamfukuzi mtu wa namna hiyo, na sitaki mtu aje hapa kuniambia ningefanya hivi au vile.

Kilichofuata ndicho nataka ukishike. Alianza kunipunguzia watu. Jirani wa mlango wa pili, ana kijicho. Wifi yangu, ananisema mtaani kwamba sina maziwa. Kila aliyenijia alipatiwa kasoro, kwa sauti ya upole kabisa. Simu ikiita nikiwa nanyonyesha, anapokea yeye: "Amelala mama, akiamka nitamwambia." Haniambii.

Mama hakuvumilia, akapanda meli ya Nansio bila kutoa taarifa. Akatokea mlangoni na furushi lake la dagaa, na neno lake la kwanza likawa: "Mwanangu, nimekukosea nini hata hutaki kuongea na mimi?" Yule dada alikuwa kampakata mtoto. Mama akanyoosha mikono ampokee mjukuu wake. "Ametoka kunyonya, atacheua," akaambiwa. Mama hakujibu wala hakushusha mikono. Alisimama vilevile mpaka akapewa.

Siku chache baadaye mama akiwa sokoni nami niko bafu la nje, yule dada aliingia ndani akamchukua mtoto pamoja na kadi yake ya kliniki. Aliyemzuia ni kijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani. Yule dada alitaka apelekwe stendi ya Nyegezi, lakini kijana yule ndiye aliyenirudisha nyumbani kutoka hospitali, kwa hiyo alimtambua mtoto. Akamuuliza mama wa mtoto yuko wapi, akazima pikipiki, akaanza kuniita kwa sauti mtaa mzima ukasikia. Mwenyekiti wa mtaa alifika, tukaenda naye polisi. Huko ndiko ilipojulikana kwamba alishamwambia mwanaume wake, aliyeko mkoa mwingine, kuwa ana mimba na sasa amejifungua.

Baadaye nilisoma maelezo ya National Center for Missing & Exploited Children, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kuhusu wanaoiba vichanga, nikamwona yeye mwenyewe: mara nyingi ni mwanamke wa umri wa kuzaa, ana mwenzi ambaye yeye anataka kumpatia mtoto, na huanza kwa kuzoeana na familia.

Kuna jambo linaloniudhi kwenye hizo filamu. Mara nyingi rafiki mbaya ni mwanamke aliyefiwa na mtoto. Nina dada zangu waliozika vichanga, na hao ndio walionishikia mtoto wangu kwa uangalifu kuliko mtu yeyote. Msichukue woga wa filamu mkawabebesha wao.

Ila pale ambapo mama anasema na hakuna anayemwamini kwa kuwa amechoka, hapo filamu haijadanganya. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea inafika asilimia 19.8. Ule unyonge wa kulialia wa siku za mwanzo kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Ukizidi hapo, au mkeo halali hata mtoto akilala, au anasema hana thamani, mpeleke hospitali. Na ikibainika ana sonona, bado haina maana kwamba aliyoyasema kuhusu jirani ni ndoto. Mtu anaweza kuwa mgonjwa na pia akawa anaona sawasawa.

Kuhusu huyo jirani, usimfukuze kwa sababu ya filamu. Mwite mama mkwe au dada wa mkeo akae hapo nyumbani, kisha utazame jirani anakuwaje wakiwepo wengine. Msaidizi wa kweli hufurahi mikono ikiongezeka. Akianza kununa, kuwatia wenzake dosari au kuja saa ambazo mkeo yuko peke yake tu, hapo mkeo ameona kitu. Simu ya mkeo aipokee mwenyewe au isipokelewe. Kadi ya kliniki msiiache juu ya meza. Mtoto akitolewa nje ya uzio bila mama yake kujua, hata kama ni "kumpunguzia mzigo", nenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, piga hata kwa kuuliza.

Hukusema mtoto ana umri gani, wala nani anakaa na mkeo mchana ukiwa kazini. Tuambie, maana ushauri unategemea hapo.