Greenland Haikufika Kinshasa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Katika kulinganisha ramani, ukubwa na bendera za nchi, ni jambo lipi lililokubadilisha mawazo?" Langu lilianza na swali la mpwa wangu, hapa Mkomani, Lamu. Alitoka shule akaniuliza, "Mjomba, mbona Greenland hatuisikii kwenye habari, na nchi yenyewe ni kubwa kama Afrika?" Aliiona hivyo kwenye ramani ya ukutani, na mimi pia nilikua nikiiona hivyo hivyo.

Tukaazima tufe la dunia kwa jirani. Tuliweka karatasi nyembamba juu ya Greenland, tukafuata ukingo wake kwa kalamu ya risasi, tukakata. Kisha tukakilaza kile kipande juu ya Afrika, kwa ubavu, ncha moja hapa Lamu na nyingine ikielekea magharibi. Hakikufika Kinshasa. Mpwa wangu alikiinua akakipanga upya mara tatu, akidhani tumekosea. Hatukukosea. Greenland ina urefu wa kilomita 2,670 hivi, na kutoka Lamu hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 2,800. Kwa eneo, Afrika ni kilomita mraba milioni 30 na Greenland ni milioni 2.17, yaani Afrika ni kubwa mara 14. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake inaishinda.

Simlaumu Gerardus Mercator, aliyeichora ramani ile mwaka 1569. Mimi ni wa ukoo wa mabaharia, na najua thamani ya alichokifanya. Katika ramani yake, nahodha akipiga mstari mnyoofu kutoka bandari hadi bandari, mstari huo ni pembe moja ya dira toka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa katikati ya bahari usiku, hiyo ni neema. Ila ili kuilinda ile pembe, ilibidi nchi zivutwe, na kadiri unavyoiacha ikweta ndivyo zinavyozidi kuvutwa. Ukifika digrii 60, kila kitu kimeongezwa mara 2 kwa urefu na mara 2 kwa upana, kwa hiyo eneo linaonekana mara 4. Lamu iko digrii 2 na kitu tu kusini mwa ikweta. Sisi tumechorwa karibu kama tulivyo. Wa mbali ndio waliotanuliwa. Kosa ni kuichukua ramani ya chomboni na kuitundika darasani ili watoto wapimie ukubwa wa nchi.

Tazama Kenya na Ufaransa. Ukutani Ufaransa inaonekana kama Kenya mbili, ilhali Kenya ina kilomita mraba 580,000 na Ufaransa ya Ulaya ina kama 550,000. Uingereza nayo inaonekana kuizidi Madagaska, kumbe haifiki hata nusu yake. Ramani zinazolinda eneo zipo, kama ile ya Equal Earth ya mwaka 2018, na mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ya Mercator. Naomba shule zetu zisisubiri.

Kuhusu bendera, sina haja ya kwenda mbali. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba bara, Sultani wa Zanzibar ana ukanda wa maili kumi tu, nao ukaishia Kipini, kwenye mlango wa mto Tana. Visiwa vyetu vikabaki vyake. Kwa hiyo hapa Lamu ilipepea bendera nyekundu ya Sultani, na ukivuka bara ukaenda Witu, unamkuta sultani mwingine, aliyekuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani tangu 1885. Watu ni wale wale, wakioana na kuuziana nafaka. Mwaka 1890 Wajerumani wakaiachia Uingereza Witu na kuutambua ulinzi wake juu ya Zanzibar, na miongoni mwa walichopewa ni Helgoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita mraba 2. Bendera nyekundu iliendelea kuwa ya mwambao hadi Desemba 1963, ilipopandishwa ya Kenya. Mzee aliyezaliwa Witu kabla ya 1885 angeweza kubadilishiwa watawala mara kadhaa bila kuhama shamba lake. Hilo linaniuma kuliko Greenland, kwa sababu Greenland ilikuzwa na hesabu, na Witu ilitolewa na watu waliokaa mezani na ramani.

Mpwa wangu alitaka kuiona Helgoland. Tuliizungusha Ulaya yote kwenye lile tufe, haimo. Witu nayo haimo. Nilimwomba jirani ruhusa, naye akakubali, kwa hiyo sasa Witu iko pale, nukta ya kalamu ya risasi, kaskazini kidogo ya Kipini.