Jozi mbili za glavu na kidonda cha baba

Swali: Baba amelazwa chumba cha peke yake kwa sababu kidonda chake cha upasuaji kimeingiwa na MRSA, bakteria sugu wa dawa. Mlangoni tunapewa gauni na glavu. Mimi nimenunua boksi langu. Navaa jozi mbili kuanzia kwenye lifti, nikiwa ndani nazipaka kitakasa mikono kila baada ya muda, na sizivui hadi nitoke getini. Jana muuguzi alinikaripia mbele ya wageni wengine. Kosa langu ni nini? Na je, ninunue barakoa ya N95?

Jibu: Pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi ya kudhibiti maambukizi wodini kwa miaka mingi, na hakuna wiki inayopita bila kumwona mgeni aliyevaa kama wewe. Muuguzi huyo angeweza kukuita pembeni, lakini alilolisema ni kweli.

Barakoa niimalize upesi. N95 hutengenezwa ili ichuje angalau asilimia 95 ya chembe ndogo za hewani, nayo ina kazi kubwa kwenye maradhi kama kifua kikuu na surua. MRSA wa kidondani husafiri zaidi kwa kugusana. Usinunue, isipokuwa wodi yenyewe ikuambie uivae.

Sasa glavu, maana hapa ndipo ninapochoka. Watu wanaamini glavu inaua kitu, au kwamba uchafu ukiifikia unaishia pale. Kijidudu hakijali kama kimekaa juu ya ngozi au juu ya mpira. Hebu fuatisha mikono yako ya jana: umeshika kitufe cha lifti, kitasa, chuma cha kitanda, shuka la baba, kisha simu ikaita ukaitoa mfukoni na kuiweka sikioni. Kisha kitasa tena, lifti tena, hadi getini. Kila ulichokishika baada ya shuka lile kimepata nafasi ya kubeba bakteria wa baba, na mgonjwa wa chumba cha jirani atapanda lifti hiyohiyo. Baba naye amepelekewa vya kwenye lifti kabla hujamsalimia.

Mikono mitupu ikinata au ikilowa, mwenyewe unasikia na unatafuta maji. Ukiwa na glavu husikii kitu. Ndiyo maana mtu aliyezivaa hushika vitu vingi kuliko ambavyo angethubutu kuvishika bila glavu, na ukiongeza jozi ya pili unaongeza ujasiri tu.

Kuzipaka kitakasa ndiko kunakonikera kuliko yote. Glavu hizi ni za kuvaa mara moja na kutupa. Pombe inaweza kudhoofisha mpira wake, na hata glavu mpya inaweza kuwa na matundu ambayo jicho halioni. Tena wakati wa kuivua, vidole hugusa upande wa nje kwa urahisi mno. Kwa hiyo aliyevaa glavu bado anatakiwa kusafisha mikono kabla ya kuvaa na mara tu anapovua: sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa chenye pombe, sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni. Wanaosugua kwa sekunde tano wakaenda zao ni wengi, na baadhi yao wamevaa koti jeupe.

Mwaka 1847, katika hospitali moja ya wazazi mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti kusafisha mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wajawazito. Vifo vya wazazi katika wodi yake vilishuka kutoka takriban 18 kwa kila 100 mwezi Aprili hadi takriban 2 mwezi Juni. Wakati huo glavu za mpira za upasuaji zilikuwa bado hazijaanza kutumika.

Na bado watu wanauziwa njia za mkato. Kuna mikufu ya shingoni inayodaiwa kufukuza virusi. Kuna vibanda vya kumpulizia mtu dawa mwili mzima, ingawa Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka 2020 kwamba watu wasipuliziwe dawa hizo kwa hali yoyote, kwa kuwa zinadhuru macho, ngozi na mapafu. Wanaouza vitu hivi wanajua hofu ya anayeuguza, wanaifanyia biashara, kisha anaingia wodini akijiona amekingwa na kupita sinki bila kugeuka.

Kwako wewe: acha boksi lako nyumbani. Safisha mikono, vaa vya wodi mlangoni pa chumba, na simu ibaki mkobani. Ukimaliza, vua glavu kwanza, kisha gauni kwa kulikunja upande wa nje uende ndani, uvitupe humohumo chumbani na usafishe mikono papo hapo. Kwa kuwa nadhani baba yuko kwenye antibiotiki, akianza kuharisha mwambie muuguzi siku hiyohiyo. Dawa hizo zinaweza kumfungulia njia bakteria aitwaye Clostridioides difficile, na mbegu zake hazifi kwa pombe. Ikifika hapo, weka kitakasa pembeni utumie maji na sabuni.

Hukuuliza kama unaweza kumshika baba mkono, lakini wengi hunong'ona swali hilo mlangoni. Mshike. Wodi ikitaka glavu, mshike ukiwa nazo. Isipotaka, mshike kwa mkono wako mtupu ulio safi, kisha unawe kabla hujashika kitu kingine.